Chai ya kijani, mitokondria na kopo la kapsuli: mazungumzo niliyoyatoa Tanga mjini

Assalaam alaykum. Wazee wangu shikamooni, wenzangu habari za jioni, vijana hamjambo. Mwenyekiti ameshanitahadharisha kwamba adhana ya magharibi haimsubiri mhadhiri, kwa hiyo salamu ziishie hapo.

Mada niliyopewa ni chai ya kijani na afya ya seli. Najua imetoka wapi. Karibu kila simu iliyomo humu ukumbini imeshapokea lile tangazo: kopo la kapsuli, picha ya mama mwembamba anacheka, na maelezo kwamba dawa hii "inasafisha sumu na kufufua mitokondria". Zamani waliouza dawa za namna hii waliishia kwenye kuongeza damu na nguvu za kiume. Sasa wametufikia watu wa maabara, wametuchukulia hadi msamiati. Basi leo nataka tuufuate msamiati huo tuone unatupeleka wapi: mitokondria ni nini, chai inaifanya nini, na kwa nini mimi ninayekunywa chai ya kijani kila siku sitaki mama yangu ameze kapsuli zile.

Tuanze na jani, maana jani ni la kwetu. Wajerumani walipofungua kituo chao cha utafiti Amani mwaka 1902, mchai ulikuwa miongoni mwa mimea waliyoijaribu pale juu. Leo ukipanda gari Muheza ukaenda Amani, unaikuta chai ya Kwamkoro na Bulwa imetandazwa kwenye milima, na upande wa pili, Bumbuli na Lushoto, hali ni hiyo hiyo. Watu wananiuliza mbegu ya chai ya kijani inapatikana wapi. Hakuna mbegu yake. Mti ni mmoja. Kinachotofautisha ni yale yanayotendeka baada ya kuchuma.

Chukua majani mawili na chipukizi lake, yasugue kiganjani, kisha ngoja. Kingo zitageuka kahawia na harufu itabadilika. Ndani ya jani mna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali, ambacho jani likichubuka kinakutana na oksijeni na kuanza kazi. Kiwandani jambo hilo linafanywa kwa makusudi: majani yanaachwa yanyauke, yanakatwakatwa, yanapewa muda, yanakaushwa. Ndiyo chai yetu ya kawaida, nyekundu kikombeni. Ukitaka ya kijani, majani yanapigwa mvuke au yanakaangwa mara tu yakifika, kimeng'enya kinakufa, na vitu viitwavyo katekini vinabaki kama vilivyokuwa shambani. Katika chai ya kawaida katekini hizo zimeshaungana kuwa theaflavini na thearubigini, na ndizo zinazoipa rangi. Katika ya kijani, theluthi moja hivi ya vyote vinavyoyeyuka majini ni katekini, na kubwa lao linaitwa EGCG. Hilo ndilo linalosagwa, likakolezwa, likatiwa kwenye kapsuli.

Sasa tuingie ndani ya seli.

Mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa umeme wa maji. Hale tangu mwaka 1964, na Pangani Falls mpya tangu 1995, maji ya Mto Pangani yanazuiwa juu, yanaachiwa yashuke, yanazungusha mitambo. Mitokondria, vile vijisehemu vidogo ndani ya seli vinavyotengeneza nguvu, ni kazi hiyo hiyo, ila badala ya maji inalimbikiza protoni, chembe ndogo zenye chaji chanya. Ina tando mbili. Chakula kikishavunjwa, elektroni zake zinapokezanwa na vimeng'enya vikubwa vinne vilivyojipanga kwenye utando wa ndani, na vitatu kati yake vinatumia nguvu hiyo kusukuma protoni upande wa pili. Mwisho wa safari elektroni zinapokelewa na oksijeni unayovuta, yanakuwa maji. Zile protoni zilizolimbikizwa zinataka kurudi, na njia yake kuu ni kimeng'enya kinachozunguka kweli kweli, zaidi ya mara 100 kwa sekunde kikiwa kasini, na kinapozunguka kinatoa ATP, ambayo ndiyo nguvu unayonyanyulia kikombe. Mwanasayansi Peter Mitchell alilisema hili mwaka 1961, wenzake wakalikataa kwa miaka mingi, akaja kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Kile kimeng'enya kinachozunguka kiliwapatia Paul Boyer na John Walker yao mwaka 1997. ATP unayoitengeneza na kuitumia kwa siku moja inakadiriwa kukaribia uzito wa mwili wako mwenyewe.

Seli moja ya ini huwa na mitokondria elfu na zaidi. Chembe nyekundu ya damu haina hata moja. Na mitokondria ina DNA yake ndogo, jeni 37, ambazo unazirithi kwa mama. Wale mnaohesabu ukoo kwa baba tu, hapo kuna hesabu nyingine.

Mtambo huu unavuja. Si elektroni zote zinazofika mwisho. Chache zinaponyoka njiani, zinaidandia oksijeni kabla ya wakati, na kinachozaliwa ni superoksaidi, kisha haidrojeni peroksaidi. Vitu hivi vikizidi vinachubua mafuta ya tando, protini, hata ile DNA. Mwaka 1956 Denham Harman, Mmarekani, alitoa hoja kwamba uzee wenyewe unatokana na uharibifu huu, na mwaka 1972 akainyooshea kidole mitokondria. Hoja yake ikazaa biashara kubwa. Kama tatizo ni uvujaji, basi tumeze kitu cha kuuzima: antioksidanti. Vitamini C, vitamini E, beta-karotini, na leo EGCG.

Naomba hapa mnisikilize vizuri, kwa sababu kopo lote limejengwa juu ya hoja hiyo, na hoja hiyo ilishapimwa kwa watu. Finland walichukua wanaume wavutaji sigara 29,133, wengine wakapewa beta-karotini, na matokeo yakatoka mwaka 1994. Waliopewa walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa, kwa asilimia 18. Mwaka 2009 kundi la mtafiti Michael Ristow liliwafanyisha vijana wa kiume mazoezi kwa wiki nne, nusu yao wakiwa wanameza vitamini C na E. Wale ambao hawakumeza kitu, miili yao iliitikia insulini, homoni ya kushusha sukari damuni, vizuri zaidi baada ya mazoezi. Waliomeza vitamini, faida hiyo haikuonekana. Maana yake ule uvujaji mdogo wakati wa mazoezi ni ujumbe. Seli inausikia, inaongeza ulinzi wake yenyewe. Ukiuzima ujumbe, seli inakaa tu.

Na kama kweli mtu anataka kuongeza mitokondria, njia inajulikana tangu 1967, John Holloszy alipowakimbiza panya kwenye mashine na kukuta vimeng'enya vya mitokondria katika misuli yao vimeongezeka kama mara mbili. Tanga ni mji wa baiskeli. Baba zetu waliendesha kutoka Makorora hadi bandarini na kurudi. Sisi tunapanda bodaboda kutoka Ngamiani kwenda Chumbageni, halafu jioni tunanunua kapsuli.

Turudi kwa EGCG. Katika bomba la majaribio ni antioksidanti hodari. Ndani ya seli hai mambo hayajanyooka hivyo, na kwangu mimi hapa ndipo elimu yake inaponoga. Mwaka 2021 Ristow na wenzake, Zürich na Jena, walitoa kazi waliyoifanya kwa minyoo wadogo wa milimita moja waitwao C. elegans. Waliwapa EGCG na nduguye ECG. Kitu cha kwanza kilichotokea si kusafishwa. Katekini zilikizuia kidogo kimeng'enya cha kwanza cha mitokondria, nishati ikapungua, uvujaji ukaongezeka kwa muda. Baadaye minyoo wakaongeza vimeng'enya vyao vya ulinzi, na mwishowe wakaishi muda mrefu kuliko wenzao. Kwa hiyo chai haikuisafisha mitokondria. Iliibughudhi, tena kwa kiasi kidogo, na mitokondria ikajibu.

Mtu mwenye akili atauliza mara moja: na ikibughudhiwa sana?

Kabla sijajibu, tupime kwanza kinachofika. Ukinywa kikombe kimoja au viwili, sehemu kubwa ya EGCG haivuki utumbo. Inayovuka inakutana na ini, inabadilishwa. Inayobaki damuni ni kidogo mno, na nusu yake inaondoka ndani ya saa tatu hadi tano. Waja leo waondoka leo, kama tunavyoambiwa sisi watu wa Tanga. Sasa soma vichwa vya habari: "Chai ya kijani yaua seli za saratani." Ukifuatilia, mara nyingi unakuta ni seli kwenye kisahani cha maabara, zimemwagiwa EGCG mara kumi, mara mia, kuliko ile inayopatikana katika damu ya mnywaji. Zaidi ya hapo, EGCG ndani ya kile kimiminika cha maabara inaharibika yenyewe na kutoa haidrojeni peroksaidi. Seli zinaweza kuwa zimeuawa na peroksaidi hiyo, sifa ikapewa chai. Hata wale minyoo walipata zaidi ya anachopata mnywaji wa kawaida, kwa hiyo sitawaambia kwamba nanyi mtaongezewa umri.

Kapsuli inaivuka mipaka hiyo. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipitia ushahidi mwaka 2018. Mnywaji wa chai ya kijani hupata kwa wastani miligramu 90 hadi 300 za EGCG kwa siku, zimegawanyika asubuhi hadi jioni. Waliotumia virutubisho vyenye miligramu 800 na zaidi kwa siku, vipimo vyao vya ini vilianza kupanda. Mwaka 2003 bidhaa ya kupunguza unene iitwayo Exolise, iliyotengenezwa kwa chai ya kijani iliyokolezwa, iliondolewa sokoni Ufaransa na Hispania kwa sababu ya ini. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya ukaweka sheria: dozi ya siku iwe chini ya miligramu 800, na kopo liandikwe kwamba lisitumiwe na mjamzito, anayenyonyesha, wala aliye chini ya miaka 18, na lisitumiwe tumbo likiwa tupu.

Hilo la tumbo tupu lishikeni. Mtu akimeza kapsuli akiwa hajala, EGCG inayoingia damuni inaongezeka mara kadhaa, na damu itokayo utumbo inapita kwanza kwenye ini, kwenye zile seli zenye mitokondria elfu. Katika seli za ini zilizojaribiwa maabara, dozi kubwa iliangusha ule ulimbikizaji wa protoni, na protoni zisipolimbikizwa ATP haitengenezwi. Wengi hawatadhurika. Wachache watadhurika vibaya, na sehemu ya sababu ni ya kurithi: aina moja ya jeni ya kinga, HLA-B*35:01, imeonekana mara nyingi zaidi kwa wagonjwa hao. Huwezi kuijua kwa kujitazama kwenye kioo. Fikirieni basi dada anayefunga Ramadhani na huku anataka kupungua, anameza kapsuli mbili kwa funda la maji magharibi ikiingia, anakwenda kuswali, futari baadaye. Amejichagulia saa mbaya kuliko zote. Mkojo ukiwa na rangi ya chai kavu, macho yakiwa manjano, mwili ukiwasha na chakula hakishuki, acha kopo na uende hospitali, na ulibebe hilo kopo walione. Wagonjwa wengi wanaulizwa "unatumia dawa gani?" wanajibu "hakuna", maana kwao ile ni chai tu.

Sasa mezani hapa nina glasi mbili za chai ya kijani, zote nimezitia kutoka birika moja. Katika hii ya kulia natia kidonge cha kuongeza damu nilichokisaga, vile vinavyotolewa kliniki kwa wajawazito. Nakoroga. Walio nyuma mnaweza kusogea.

Mnaona? Ile ya kushoto ungali unaona vidole vyangu upande wa pili. Hii ya kulia imekuwa nyeusi, vidole havionekani. Katekini zimekikamata chuma kilichomo kwenye kidonge. Ndivyo inavyokuwa tumboni unapokula kisamvu na maharage ukateremshia chai juu yake: chuma cha mboga na nafaka kinashikwa, sehemu kubwa inapita bila kufyonzwa. Cha nyama na samaki hakiathiriki sana. Chai ya rangi inafanya vivyo hivyo, msije mkaondoka mkasema nimeisingizia ya kijani peke yake. Na kwa wenye mitokondria hili si jambo dogo, kwa sababu vile vimeng'enya vya kwenye utando vimejengwa kwa chuma ndani yake. Mjamzito anayekunywa chai pamoja na kidonge chake, akidhani anazisaidia seli, anazinyima. Aache saa moja au zaidi katikati, na chakula akile na ndimu au chungwa.

Walio kwenye dawa za presha na moyo wamuulize mfamasia. Japani, mwaka 2014, watu wenye afya walikunywa mililita 700 za chai ya kijani kila siku kwa wiki mbili, kisha wakapewa dawa ya presha iitwayo nadolol. Dawa iliyofika damuni ilipungua kwa asilimia 85. Na anayetibiwa saratani kwa bortezomib asiiguse EGCG kabisa: mwaka 2009, katika maabara na kwa panya, ilionekana inaifunga dawa hiyo isifanye kazi.

Nisije nikaonekana adui wa chai. Huko huko Japani, eneo la Ohsaki, watu 40,530 walifuatiliwa hadi miaka 11, na ripoti ikatoka mwaka 2006. Waliokunywa vikombe vitano na zaidi kwa siku walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa kidogo kuliko waliokunywa chini ya kimoja, hasa wanawake. Kwa saratani tofauti haikuonekana. Utafiti wa kufuatilia watu hauthibitishi kwamba ni chai iliyofanya. Mnywaji wa chai huenda anakula samaki zaidi, anatembea zaidi. Ila ni vikombe vilivyohesabiwa pale, kapsuli hazikuwamo.

Naona karatasi za maswali zimefika.

Huyu anauliza: "Je, chai ya maziwa inaua faida?" Protini za maziwa zinashikana na katekini, na tafiti za kupima kama hilo lina uzito hazijaafikiana. Mimi nisingepoteza usingizi kwa maziwa. Nauliza sukari. Vijiko vitatu kikombe kimoja, vikombe vinne kwa siku, kijiko gramu nne: hizo ni gramu 48. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asivuke gramu 50 kwa siku, na linasema 25 ni bora. Na hapo sijahesabu mahamri.

Kijana anauliza kama ipo dawa yoyote ya chai ya kijani iliyoidhinishwa kweli. Ipo. Marekani iliidhinisha moja mwaka 2006. Wazee wangu mniwie radhi: ni marhamu ya kupaka masundosundo ya sehemu za siri. Kati ya yote yanayodaiwa makoponi, dawa iliyopita mlango wa mamlaka inapakwa nje.

Swali jingine, nadhani ni la mama: "Nikiacha chai yangu ya tangawizi nikaanza ya kijani nitapata nini?" Mama, usiiache. Theaflavini za chai yako nazo ni jamaa wa katekini, na jani ni lile lile la Usambara. Ukipenda ladha ya kijani, nunua majani makavu ya kawaida, maji yasiwe yanatokota, yapoe kidogo mpaka nyuzi 80 hivi, dakika mbili tatu yatosha, la sivyo itakuwa chungu na utaitilia sukari.

La mwisho ni kuhusu moto, na nashukuru limeulizwa. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Iwe chai, kahawa au maji matupu, kinachounguza ni joto. Jirani zetu wa Kilimanjaro walipimwa, wakakutwa wanaianza chai yao ikiwa nyuzi 70 hivi, na saratani hiyo huko si ngeni. Chai imeshaletwa pale nyuma, birika linatoa mvuke. Kipimajoto ninacho. Anayetaka kujua huwa anaianza chai yake kwenye nyuzi ngapi aje nacho kikombe tupime, tuna robo saa kabla ya adhana.